Kuanzia Ziwani

Huku Mkumbi hatuna kushoto wala kulia. Tuna ziwani na mlimani, basi. Mgeni akiuliza choo kiko wapi ataambiwa apite ziwani mwa jiko, na akibaki ameduwaa tunajua katoka mbali. Ziwa lenyewe halionekani kutoka kwetu. Limejificha chini kabisa, nyuma ya vilima, huko jua linakozama, lakini kila mtu anajua liliko kama anavyojua mdomo wake uliko akila gizani. Hata kitandani mume wangu hulala mlimani na mimi ziwani, na hiyo ni haki yangu, maana mimi ni mtu wa Lundo, kule ufukweni. Nilipoletwa huku kwenye ukungu na kahawa nililia mwezi mzima. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Aliyenileta ni Raimundi, Mmatengo wa hapa hapa. Kahawa anayo kama watu wote, ila watu hawamjui kwa kahawa, wanamjua kwa injini. Amefungua na kufunga injini tangu alipokuwa kijana, za malori, za matrekta, na za mapadre, ambazo ndizo zilizokuwa zimechoka kuliko zote. Mwaka ambao kahawa ilitukumbuka alinunua gari lake mwenyewe, saluni nyeupe yenye silinda sita na turbo, gari ambalo halikuwa na kazi yoyote ya maana kwenye shamba letu. Kwa jina la kiwandani ni Chaser, lakini Mkumbi nzima inaliita Cheza. Na lilikuwa linacheza kweli. Nilikuwa nikipanda humo na rozari mkononi.

Halafu injini ikanoki, ikagonga ndani na kufa, tukiwa tunapanda kutoka Mbamba Bay. Gari likavutwa hadi nyumbani, likaegeshwa uani likiangalia ziwani, likafunikwa turubai, na kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha nyuma. Raimundi alisema ataisuka upya. Alisema hivyo mwaka wa kwanza, akasema mwaka wa pili, na kabla hajaianza, macho yakamwanza yeye.

Ni presha ya macho. Daktari alituambia kwamba mwanga utakuwa unafinywa kutoka pembeni kuja katikati, polepole, na kwamba ulioondoka haurudi. Raimundi alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akatoka nje akajikwaa kwenye kizingiti. Kilian, mtoto wetu wa kwanza anayekaa Songea, akaanza kupiga simu kila Jumapili kwamba baba aende akakae kwake. Kuna baraza nzuri, kuna jua, wajukuu watamsomea gazeti.

Pasaka iliyopita Raimundi akatoa neno lake. Alisema ataisuka injini ya Cheza kwa mikono yake, ataifunga mwenyewe, hapa nyumbani. Ikiwaka, yeye bado ni fundi na atabaki Mkumbi. Ikikataa, spana zote atampa Hamphrey, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ana gereji yake Kitai, na yeye atakwenda kuota jua kwa Kilian. Nilimjua. Hakuwa akitisha watu. Nami, niseme ukweli, nilimwogopa yule mzee wa barazani kuliko nilivyomwogopa kipofu. Kipofu ningeishi naye. Raimundi asiye na kazi mikononi angekuwa maiti inayosomewa gazeti.

Wiki moja baada ya Pasaka tukaanza. Panya walikuwa wamekula nyaya za plagi, kwa hiyo alitaka kutengeneza nyingine, ndefu na za kutosha. Nikaenda Mbinga mjini dukani kwa Masoudi, ambaye huuza kila kitu isipokuwa kile ulichofuata. Rangi zote zilikuwa zimekwisha. Ulibaki mzingo mmoja wa waya mwekundu, akaniapia kwa babu zake wa Kilwa kwamba wekundu ndiyo rangi bora kwa umeme. Nikarudi nao. Nyaya sita, zote nyekundu, nani atajua ipi ni ya silinda ipi? Raimundi akaniambia nizifunge nyuzi za mkonge zenye mafundo. Fundo moja kwa waya wa kwanza, mawili kwa wa pili, hadi sita. Nikamuuliza nihesabu kuanzia wapi.

"Kuanzia ziwani," akasema.

Gari lilikuwa limesimama uani, pua yake ziwani, silinda zimepangana kutoka puani kwenda nyuma. Nikafunga.

Injini yenyewe ikaenda kukaa sebuleni, juu ya meza ya kulia chakula, meza ambayo mimi nililetewa na kaka zangu kwa boti na lori. Nilipiga kelele kama mwanamke yeyote mwenye akili. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaomba nimsaidie kuigeuza kidogo, pua iangalie dirisha la ziwani, kama ilivyokuwa garini, ili asichanganyikiwe. Tukaigeuza. Miezi mitatu tulikula mapajani.

Lakini ile miezi mitatu, sijui niielezeje. Ilikuwa kama mtu anayeota huku anasikia jogoo. Asubuhi ukungu uliingia hadi mlangoni, nyumba ikawa inaelea, na humo ndani mlikuwa na harufu ya oili, na Raimundi amekaa mbele ya ule mwili wa chuma uliofunguliwa, tochi kichwani, akipitisha vidole. Alikuwa akiingiza kidole kwenye tundu la silinda na kukizungusha taratibu, macho yake yakiangalia ukutani. Alikuwa anazungumza nayo. Mimi nilikaa pembeni nikichambua maharage, nikimsomea namba na alama ndogo zilizochongwa kwenye vyuma, maana alisema herufi zimekuwa ndogo mno siku hizi. Alisema lete kile cha ziwani, nikampa. Sogeza mlimani, nikasogeza. Wakati mwingine nilisinzia, nikaamka nikidhani niko Lundo, na ile harufu ya mafuta ni ya boti, na yule mwanamume aliyeinama ni baba yangu anayeshona nyavu.

Jumuiya ya kanisa ilikuja kusali kwetu, zamu yetu ilipofika. Nikaifunika injini kwa kitenge kipya ili nisiaibike. Mama Mektilda, mwenyekiti wetu, aliingia, akaona kitu kirefu kimelala mezani kimefunikwa, akaketi chini bila salamu na kuanza kulia. Ilibidi nifunue kitenge nimwonyeshe kwamba hakuna aliyefariki. Akafuta machozi akasema kama ni hivyo basi tuiombee nayo. Tukaiombea. Padre angesikia sijui angesemaje.

Mwezi wa saba kahawa ikaiva. Ua ukahitajika kwa vichanja vya kuanikia, kwa hiyo wachumaji wakalisukuma gari kinyumenyume hadi ndani ya stoo ya kahawa. Hapo palifaa, kwa sababu stoo ndiyo yenye boriti nene ya kubeba mnyororo, na gari likiingia kinyumenyume litatoka kwa heshima, pua mbele. Raimundi mwenyewe ndiye aliyesema wafanye hivyo. Mlango wa stoo unaangalia mlimani.

Siku ya kufunga tukaita ngokela, kama tunavyoitana kulima au kuvuna: majirani wanakuja kwa mikono yao, mwenye kazi anapika. Nilipika ugali na usipa, dagaa wa kwetu ziwani, sufuria mbili. Hamphrey alitoka Kitai asubuhi, akampigia mwalimu wake shikamoo akiwa bado na helmeti ya pikipiki kichwani. Watu wanane walibeba injini kutoka sebuleni, hatua kwa hatua, nikiwatangulia kufukuza kuku. Mnyororo ukaivuta juu. Ikaning'inia kwenye ile stoo nusu giza, vumbi la maganda ya kahawa likielea kwenye mwali wa mlangoni. Nimeona vitu vingi vizuri. Kile kilikuwa kimojawapo.

Ikashuka. Raimundi alikuwa chini ya gari, akipapasa mahali injini itakapokalia, akisema shusha, simama, shusha, na ikakaa. Alikaza boliti zote yeye. Jasho lilimtoka kwa furaha. Mwishowe zikabaki zile nyaya sita, akaniambia nizichomeke mimi, kwa kuwa mafundo ni yangu.

Nikauliza tena, mbele ya watu wote, kuanzia wapi.

"Ziwani, kama tulivyofunga."

Nikachomeka. Fundo moja ziwani, sita mlimani. Nikamwambia aangalie basi kama ni sawa. Akainama juu ya mikono yangu, tochi yake ikanimulika usoni, akakaa hivyo kidogo.

"Naona," akasema. "Iko sawa."

Nikaingia kwenye usukani, kwa kuwa dereva sasa ni mimi. Nikapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikapiga chafya moja kubwa kupitia kwenye njia ya hewa, na moshi ukatoka mahali usipotakiwa kutoka. Nikapiga tena. Ikafyatuka kama bunduki, kuku wakaruka, mzee mmoja akajaribu kututuliza kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Tukajaribu mpaka betri ikalala.

Hamphrey alitaka kuanza kukagua. Raimundi akamzuia kwa mkono. Alisimama pale ameshika ukingo wa boneti, na nikaona uso wake ukifunga. Baadaye nilielewa alichokuwa anafikiri: kwamba amekosea ndani, kule alikokuwa akifunga kwa miezi mitatu, na kwamba kosa la ndani ndilo jibu aliloliomba. Akanawa mikono. Akala usipa wawili watatu ili asiwaudhi watu. Kisha akamwambia Hamphrey, kwa sauti ya kawaida kabisa, aje kesho mchana achukue boksi la spana. Watu wakala kama wako matangani.

Usiku ule alilala mlimani, nami ziwani, na katikati yetu pangepita lori.

Kesho yake Hamphrey akaja. Hakutaka kuja, ilionekana machoni mwake, lakini mwalimu akisema umesikia. Raimundi alikuwa uani kwenye kichanja, akichambua kahawa kwa vidole, amegeuzia stoo mgongo. Mimi nilikuwa na hasira ya kuvunja vyungu. Nilikuwa na hasira na injini, na Kilian na baraza yake, na Masoudi na wekundu wake. Hamphrey akalinyanyua lile boksi, zito, akawa anayumba nalo ndani ya stoo kati ya magunia na gari. Nikamwambia kwa ukali apite ziwani, mbele ya gari, kuna nafasi, asinimwagie kahawa.

Akasimama. Kitai ni njia panda ya mabasi, watu wake wana kushoto na kulia kama watu wa mjini.

"Samahani, mama," akasema. "Nipite ziwani, au nipite mbele? Maana mbele ya gari ni mlimani."

Nikaangalia pua ya gari. Nikaangalia mlango. Nikaangalia zile nyaya nyekundu na mafundo yangu ya mkonge, moja kule nyuma, sita huku mbele.

Nisieleweke vibaya: mimi sikukosea. Nilifunga kuanzia ziwani na nikachomeka kuanzia ziwani, ziwa halijahama tangu Mungu aliweke. Lililogeuka ni gari.

Nilitoka mbio mpaka kwenye kichanja, mimi na umri wangu. Nikamuuliza, "Baba Kilian, tulipofunga yale mafundo, gari lilikuwa linaangalia wapi?"

"Ziwani."

"Na jana?"

Vidole vyake vikasimama ndani ya kahawa. Nikaona midomo yake ikihesabu. Kisha akainuka kwa nguvu hata kichanja kikainama na kahawa ikamwagika, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu sikujali kahawa. Akashika bega langu, tukaenda stoo. Akatuambia tusimguse, tusimsaidie. Akachomoa nyaya zote sita, akazishika mkononi kama mtu anayeshika nywele za mtoto anayetaka kumsuka, akavipitisha vidole kwenye mafundo, akazirudisha moja moja. Kutoka puani kwenda nyuma. Hakuwasha tochi. Hamphrey aliazima betri ya pikipiki ya jirani, akaona ndogo, akakimbia kutafuta ya trekta.

Nilipopiga stata haikuzunguka hata mara mbili. Iliamka. Ilinguruma mara moja, nzito, halafu ikatulia kwenye sauti moja laini iliyoingia kwenye kuta, kwenye magunia, kwenye kiti, kwenye mbavu zangu. Mabati yalikuwa yanatetemeka taratibu. Wachumaji wakaacha vikapu, wakaja kusimama mlangoni. Raimundi alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya injini, kichwa ameinamisha upande, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. Nami nililia, huko nyuma ya usukani, nikijifanya natazama geji. Hamphrey alilirudisha boksi la spana mahali pake. Hakuna aliyemwambia.

Jumapili baada ya misa tukateremka kwenda Lundo. Nilivaa gauni la harusi ya mdogo wangu. Tukapita Mbinga mjini polepole ili Masoudi atuone, na alituona, akasimama mlangoni pa duka amejishika kiuno kama yeye ndiye aliyeisuka. Kisha ikaja lami ya kuelekea Mbamba Bay, na Raimundi akaniambia nikanyage. Nikakanyaga. Ile turbo ikavuta pumzi, ikapiga mluzi mwembamba, na milima ikaanza kupita kama nguo zinazokunjwa, migomba, makaburi, watoto wanaopunga mikono, ukungu unaokatika na kuungana nyuma yetu. Sikuwa na rozari. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Pale barabara inapoanza kuteremka kona kwa kona, kuna mahali ziwa linatokea ghafla lote. Siku hiyo lilikuwa halina mwisho. Halikuwa na mstari kati ya maji na mbingu, na mtumbwi mmoja ulikuwa umening'inia katikati ya bluu, hujui unavua au unaruka. Tangu tuoane, kila tukifika hapo, Raimundi huniambia: haya, bahari yako hiyo. Nikapunguza mwendo nikamsubiri aseme. Alikuwa anatabasamu, uso umeelekea mbele, akisikiliza injini.

Tukapita ile kona. Tukapita ya pili. Na hapo, ndani ya furaha yangu, jambo likaanza kunijia. Hamphrey aliona mara moja kwamba pua ya gari iko mlimani. Fundi wangu aliinama juu ya mikono yangu, tochi inawaka, nyaya zote zimekaa kinyume, akasema naona.

"Baba Kilian," nikasema, "ile siku ya ngokela, uliona nini?"

Aliniacha nimalize kona.

"Sikuona kitu, Mama Kilian. Mwanga ulikwisha Kwaresma." Alisema kwa upole, kama anayenihurumia mimi. "Uliponiuliza kuanzia wapi, mimi ziwa langu lilikuwa ndani ya injini. Liko puani. Sikukumbuka kwamba wewe bado unalo la nje."

Kwaresma. Kabla hatujafungua hata boliti moja. Kila tundu, kila ringi, kila pistoni, miezi mitatu mezani kwangu, nami nimekaa pembeni nachambua maharage namwona amegeukia ukuta. Nilimuuliza kwa nini hakupapasa tu zile nyaya, vidole vyake vingemwambia.

"Ningepapasa, ungejua. Watu wote wangejua." Akageuza uso kunielekea, akakosa kidogo tu mahali uso wangu ulipo. "Na ungejua, ungeniachia niisuke?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nayo tayari kinywani, tamu. Lakini tulikuwa tumechoka kudanganyana.

"Nisingekuachia," nikasema. "Ningempigia Kilian siku hiyo hiyo."

Akaitikia kwa kichwa, bila kinyongo, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo. Barabara ikaanza kuyeyuka mbele yangu, ziwa, lami, ukingo wa korongo, vyote vikawa maji mamoja. Sikutoa sauti. Lakini yeye alisikia mguu wangu ukilegea kwenye mafuta.

"Futa machozi, Mama Kilian," akasema. "Humu ndani macho ni hayo yako tu, usiyajaze maji."

Nikayafuta kwa ncha ya kitenge, nikarudisha gia ya tatu, tukaendelea kuteremka.